Huyo Mzimu Ni wa Nani?

Siku hizi ukitaka jengo lako la zamani lijae wateja, huna haja ya kulipaka rangi. Sambaza tu uvumi kwamba lina mzimu. Sema vikombe husogea vyenyewe usiku, ngazi hulia bila mtu kupanda, na mwanamke wa nguo nyeupe husimama dirishani saa tisa za alfajiri. Wiki mbili hazitaisha kabla vijana hawajashuka kutoka Nairobi na simu zao, na kila anayepiga picha lazima aagize kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hapa kwetu Machakos, kwenye mkahawa mmoja wa kahawa nyuma ya soko la zamani. Wenye mji wameshangilia. Mimi nasema ni upuzi, tena upuzi wenye madhara, na naomba msomaji anipe muda nieleze kwa nini.

Jina la mkahawa silitaji. Wakitaka tangazo walipie.

Nilitumwa huko kikazi. Mimi huandika makala za kuuza: maneno mia sita kuhusu mahali pa kula nyama choma, maneno mia nane kuhusu jinsi ya kutunza nywele, malipo kwa neno. Mhariri mmoja akanitumia ujumbe: enda pale kwa mzimu, niletee kitu cha kutisha, watu wapende. Nikaenda. Kitu cha kutisha nilikipata, ila hakikuwa kile alichotaka, na hicho ndicho unachosoma hapa bila yeye kunilipa.

Jengo lenyewe ni zuri, hilo sitalikana. Ni duka la Kihindi la zamani, kuta nene za mawe, mlango wa mbao wa mikunjo minne, paa la mabati lililokwisha kuwa rangi ya kutu, na ghorofa moja fupi yenye sakafu ya mbao. Nje akina mama wanauza ndengu, mbaazi, maembe, vyondo na muthokoi kwenye madebe. Ndani kuna taa hafifu za njano, muziki wa chini chini, na ukutani picha kubwa ya mwanamke wa Kizungu mwenye kofia pana, amenuna. Msichana wa kuhudumia akaniuliza kama nataka kukaa chini ama juu.

"Juu kuna nini?"

"Juu ndiko kwa mzimu. Lakini ile meza ya dirishani imebukiwa mpaka Jumapili."

Nikakaa chini, nikaagiza kikombe kimoja cha shilingi 350, nikamuuliza yule mama wa pichani ni nani. Akacheka. Picha, akaniambia, bosi aliitoa kwa intaneti.

Sasa, mzimu wenyewe ni nani? Ndani ya dakika kumi nilipata majibu matatu. Msichana alisema ni mke wa DC wa enzi za ukoloni aliyejinyonga kwa ajili ya mapenzi. Kijana wa meza ya jirani, aliyekuja na mpenzi wake kutoka Athi River, alisikia ni Mhindi mwenye duka aliyefukia dhahabu chini ya sakafu. Mtu wa bodaboda nje akaapa ni jini lililoletwa na Waswahili wa misafara. Mzungu, Mhindi, jini la pwani. Mji huu umepewa jina la Masaku, mzee Mkamba. Umezungukwa na vilima vya Wakamba. Mawe ya zile kuta yalibebwa na migongo ya Wakamba. Na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mzimu wa hapo anaweza kuwa Mkamba. Yaani hata kwa wafu kazi nzuri zina wenyewe.

Hii si tabia ya Machakos pekee. Kenya nzima, mzimu unaouzika ni wa tajiri. Nenda Njoro, karibu na Nakuru, kwenye jumba la Lord Egerton. Jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 50, Maurice Egerton alianza kulijenga mwishoni mwa miaka ya 1930, na hadithi utakayosimuliwa ni ya mapenzi: mwanamke alimkataa, moyo ukavunjika, na sasa eti usiku husikika hili na lile. Wanandoa huenda kupiga picha za harusi. Watu waliobeba yale mawe walikuwa wengi sana kuliko huyo bwana mmoja, na sidhani wote mioyo yao ilikuwa mizima. Hao hawasikiki usiku. Kwa hesabu ya biashara hii, mtu akifa maskini anakufa kabisa.

Na hata pale ambapo historia yenyewe inatosha kukunyima usingizi, bado tunaiongezea chumvi. Zanzibar, Mkunazini, kulikuwa na soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao papo hapo. Hilo halina ubishi. Lakini mgeni akifika hushushwa kwenye vyumba vya chini, vyenye giza, dari la kuinamia, na kuambiwa hapa ndipo watumwa walipofungiwa. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria ambao kwa miaka mingi wametilia shaka hadithi hiyo ya vyumba. Nilipolisoma hilo nilikasirika. Watu waliuzwa pale, juu, kwenye mwanga wa jua, mchana, mbele ya wanunuzi walioona hiyo ni shughuli ya kawaida. Hicho ndicho kitisho. Kwa nini mgeni ahitaji shimo la giza ndipo aogope?

Lakini turudi kwenye neno lenyewe, maana nadhani kosa linaanzia hapo.

Kiswahili kina msamiati mpana wa mambo haya, na kila neno lina adabu zake. Kuna pepo, kuna jini, kuna shetani, kuna mzuka, kuna mzimu. Mzimu si kitu chochote kinachogonga dirisha. Mzimu ana ukoo. Mizimu ni wazee wa watu fulani, na watu hao huwajua na huwapelekea chochote. Pepo naye, hata akiwa mgeni kutoka mbali, ana utaratibu wake. Pwani mtu akipandwa na pepo, ngoma inapigwa, na fundi anamuuliza yule pepo maswali: u nani wewe, umetoka wapi, unataka nini? Pepo hujibu. Hutaja jina lake, husema anataka kitambaa, pete, sadaka ya mbuzi. Akipewa anatulia. Huku kwetu Ukambani ni aimu, na kina mama wazee wa kilumi wanajua midundo ya kuwaita na mahitaji ya kuwatuliza. Ukitazama vizuri, kote huko mfu anayerudi ni mtu wa madai. Amekuja kwa sababu kuna kitu hakijalipwa.

John Mbiti, Mkamba wa Kitui aliyezaliwa 1931 na kufariki 2019, alilieleza jambo hili kuliko yeyote. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini za Kiafrika aliazima maneno mawili ya Kiswahili kueleza wakati: Sasa na Zamani. Mtu akifa, alisema, hatoki kwenye Sasa mara moja. Anabaki humo, mfu aliye hai, kwa muda wote ambao yupo mtu anayemkumbuka kwa jina. Vizazi vinne, labda vitano. Akifa wa mwisho aliyemjua kwa jina, ndipo anazama kwenye Zamani, anakuwa roho tu, kitu kisicho na mwenyewe. Mimi si msomi. Niliacha chuo mwaka wa tatu ada iliponishinda, kwa hiyo ukitaka tanbihi tafuta mwingine. Ila ukurasa huo wa Mbiti niliusoma mara nyingi kuliko vitabu vyote nilivyolazimishwa kusoma kwa mtihani.

Kwa kipimo hicho, mwanamke wa pichani, aliyetolewa kwa intaneti, hana jina, hana ukoo, hana anachotaka. Ni mzimu uliozaliwa ukiwa tayari umesahauliwa. Ndiyo maana anafaa kwa biashara. Hawezi kukuuliza chochote.

Nilimpigia nyanya yangu simu jioni hiyo. Anakaa upande wa Kangundo, na huwa napenda kumpelekea umbea wa mjini.

"Susu, kuna mkahawa hapa mjini una mzimu. Watu wanalipa kwenda kuuona."

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku.

"Huyo mzimu ni wa nani?"

"Hawajui."

"Anadai nini?"

"Hadai kitu, Susu. Anasogeza vikombe tu."

"Basi huyo si mzimu," akasema, "huyo ni mfanyakazi."

Alisema hivyo kwa mzaha, na kwa mzaha huo akawa amekaribia ukweli kuliko mtu yeyote wa mjini. Maana nilirudi pale usiku wa pili, saa nne, milango ikiwa imefungwa, nikamkuta soja. Mzee wa miaka sitini hivi, koti kubwa, gambuti, rungu, jiko la makaa miguuni. Nikamsalimia, nikakaa naye kwenye kreti, tukaongea bei ya mahindi kwanza kama inavyostahili. Kisha nikamuuliza kama haogopi kulinda mahali penye mambo.

"Kijana wangu," akasema, "huko juu hakuna mtu. Ni mimi."

Akanieleza yote. Usiku hupanda ghorofani kuangalia madirisha, mara tatu nne, na ile sakafu ya mbao ikikutana na gambuti inalia kama mtu anachapwa. Mabati nayo yakipoa usiku baada ya jua la mchana hupiga kelele, pa, pa, pa, kila mtu aliyelala chini ya mabati anajua. Vikombe je? Huwa anachukua kimoja anywee chai yake, na asubuhi wakati mwingine hakirudishi pale pale alipokitoa. Uvumi ulipoanza alitaka kusema, akaambiwa akiulizwa ajibu hajui. "Lakini wewe hujaniuliza kama kastoma," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza kama naweza kuandika. Akasema andika, jina usiweke. Kisha akaongeza, hata hapa hawalijui, huniita soja tu.

Nikamuuliza swali la Susu: unadai nini? Akafikiri sana, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Koti la mvua, akasema, hili linavuja. Na mshahara uwe unakuja tarehe moja kama walivyokubaliana, si tarehe kumi na tano.

Hapo sasa. Mtu mzima, mwenye damu na kifua kinachomsumbua, amegeuzwa mzimu akiwa hai ili kikombe cha kahawa kipande bei. Nimeambiwa mara nyingi kwamba haya mambo ni ya kufurahisha tu, nisiwe mkali. Sawa. Niambie basi wewe unayecheka: nani anafurahi pale, na kwa gharama ya nani?

Nimesema mji huu hauna upungufu wa wafu wenye madai, na sitaki ionekane napiga domo. Wakamba wana desturi ambayo naiheshimu sana: janga haliachwi bila jina. Kila njaa kubwa ina jina lake na watu huhesabu umri nalo. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19, kuanzia 1898, iliitwa Ngomanisye, kwa sababu ilifika kila mahali. Sotoka ilikuwa imeshamaliza ng'ombe miaka michache nyuma, ndui ikaingia juu ya njaa. Njaa ya 1961 ni Ndeke, kwa sababu chakula cha msaada kilishushwa na ndege. Ile ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, pesa iko mkononi na chakula hakipo. Watu waliotoa majina kama hayo hawawezi kuwa ndio hao hao wanaonywa kahawa chini ya mzimu asiye na jina. Kuna kitu kimekatika katikati.

Mji wenyewe ulikuwa kituo cha Kampuni ya Waingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, na kwa karibu miaka kumi ndio uliokuwa makao ya utawala wao huku bara, Nairobi ikiwa bado bwawa la vyura. Kisha reli ikapita mbali na hapa, ikafika Nairobi mwaka 1899, na serikali ikaifuata. Mwaka 1911 mwanamke wa huku, Siotune wa Kathuke, aliongoza ngoma ya kupandwa na pepo iliyoenea kwa kasi vijijini, na ujumbe wake ulikuwa dhidi ya utawala wa Wazungu. Mwenzake aliitwa Kiamba. Serikali haikucheka, wala haikusema haya ni mambo ya kufurahisha tu. Iliwakamata ikawahamisha. Ona tofauti: pepo wa 1911 alimtia DC hofu ya kweli. Pepo wa leo anauzia mjukuu wa DC kahawa.

Mwaka 1938 serikali iliamua ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu, kwa bei ya kutupa, kiwanda cha nyama kikiwa kimefunguliwa Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Wao walirudishiwa ng'ombe. Yeye alipelekwa Lamu. Leo ana barabara Nairobi, ile inayopita mbele ya City Market, na nimeshakaa kwenye mkahawa pale nikawauliza watu watano Muindi Mbingu ni nani. Mmoja alisema ni mbunge wa zamani. Wengine wakasema ni steji ya matatu.

Na hatujafika kwenye kahawa, ambayo ndiyo iko mezani.

Mibuni ya kwanza Kenya ilipandwa na wamisionari Wafaransa huko Bura, Taita, mwaka 1893. Kwa miongo iliyofuata Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda. Aliruhusiwa kuichuma kwenye shamba la Mzungu, kuipalilia, kuibeba. Kuipanda kwake, la. Sababu zilizotolewa ni magonjwa, wizi, na kwamba ubora utashuka. Sababu isiyotolewa ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakuja kuchuma yako. Kisii, Embu na Meru walifunguliwa mlango kidogo katika miaka ya 1930. Ukambani tulingoja hadi miaka ya 1950, wakati wa mpango wa Swynnerton wa 1954, na hapo ndipo vilima vya Kangundo, Matungulu na Iveti vikaanza kubadilika rangi. Baba mkwe wa Susu alikuwa kati ya wale wa mwanzo. Alipanda miche yake akiwa mtu mzima, baada ya kutumia ujana wake kuchuma ya wengine upande wa Thika.

Susu alirithi miche hiyo. Nyumba yake ya mawe imejengwa na baridi ya Brazil: Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa huko, bei ya dunia ikapaa, na mwaka 1977 wanakijiji wakanunua mabati, redio, baiskeli, wengine wake wa pili. Kisha Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kugawana soko ukavunjika na bei ikaanguka. Mibuni ikabaki pale, inadai dawa, inadai mbolea, inadai kupogolewa, na malipo yakawa yanakuja yakiwa yamekatwa hiki na kile mpaka mtu anashindwa kujua kama ameuza ama ameuziwa. Jirani zake wengi wameing'oa wakapanda parachichi, au wakauza ploti. Yeye amebakisha miche 90. Ukimuuliza kwa nini hang'oi, anasema ya wazee haing'olewi. Na kahawa haijui ladha. Kwake hunywewa chai.

Naomba tufanye hesabu ndogo, ya darasa la sita. Kilo sita hadi saba za matunda mekundu hutoa kilo moja ya kahawa safi. Ukiikaanga, uzito hupungua asilimia 15 hadi 20. Kikombe kimoja cha mkahawani hutumia kama gramu 17. Kwa hiyo kilo moja anayochuma Susu, ameinama, jua liko mgongoni, hutoa vikombe saba hivi. Kwa bei ya pale kwa mzimu hivyo ni shilingi 2,450. Tuseme Susu amelipwa shilingi 100 kwa kilo hiyo. Hizo ni kama shilingi 14 kwa kila kikombe. Najua kuna kodi ya nyumba, maziwa, umeme, mshahara wa yule msichana, mashine inayogharimu bei ya gari. Sijasema mwenye mkahawa ni mwizi. Nimesema kuna mtu ambaye mkono wake uko ndani ya kila kikombe pale na haonekani, na kama neno mzimu lina maana yoyote, basi maana yake ndiyo hiyo.

Nilimuuliza msichana kahawa ile inatoka wapi. "Tunaletewa kutoka Nairobi," akasema. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Kutoka kwenye lile dirisha la mzimu unaona vilima vya Iveti, vina mibuni.

Najua nitakachojibiwa. La kwanza, kwamba nimeua furaha. Hapana. Nimekulia bweni ambalo kila muhula lilikuwa na mwanamke wa kwato za punda, na nilimwogopa kwa moyo wote. Lakini hata yule wa kwato alikuwa na kazi yake: alitufundisha tusimfuate mtu usiyemjua usiku. Wala sina ugomvi na Kyamwilu, kule Kituluni, kilomita kama 12 kutoka mjini, ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima. Wanaojua macho wanasema ni mwinuko wa upeo unaokudanganya. Wazee wana hadithi yao. Vijana wa hapo wanakumwagia maji kwa hela kidogo na kila mtu anaenda nyumbani akibishana. Kyamwilu ni mali ya Kyamwilu, inalisha watu wa Kyamwilu, na hakuna aliyeleta picha ya Mzungu kuipamba.

La pili, kwamba biashara imeleta ajira. Kweli, imeleta. Mmoja wa walioajiriwa analowa mvua ikinyesha.

La tatu, na hili niliambiwa na meneja mwenyewe nilipoenda mara ya mwisho, mchana, kistaarabu, kumweleza ninachoandika. Ni kijana wa rika langu, mcheshi, hana ubaya. Akaniambia, "Bro, watu wanakuja hapa kuriraksi. Nikiwawekea njaa na ukoloni ukutani watakunywa maji waende." Nikamwambia watu wa mji huu hawajawahi kupewa nafasi ya kuchagua, na kwamba waliokuja Jumamosi iliyopita kutafuta mwanamke aliyejinyonga hawakuonekana kama watu wanaokimbia habari mbaya. Akacheka, akasema basi nimpe wazo moja lisilo na gharama.

Nikampa. Anunue gunia moja kutoka kiwanda kimoja cha vilima vile anavyoviona dirishani. Kwenye menyu, chini ya jina la kahawa, aandike jina la kiwanda, jina la kijiji, na shilingi alizolipwa mkulima kwa kilo ya matunda msimu huo. Mistari mitatu. Akaniuliza ataiandika wapi kubwa ionekane, maana menyu imejaa. Nikamwambia pale palipo na picha ya yule mama wa kofia panatosha.